Kadi Iliyofichwa Kalvatini

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, Sahro alimpelekea baba yake kiamshakinywa mtoni. Baba yake, Kerrow, alikuwa fundi wa pampu iliyovuta maji kutoka Mto Tana na kuyasukuma hadi kwenye tangi la mji wa Garissa. Alitoka nyumbani kwao, mtaa wa Waberi, kungali giza, akaswali alfajiri kando ya mashine, na jua lilipochomoza pampu ilikuwa imekwisha kunguruma. Sahro alifika na kikapu chenye anjera nne, zile chapati laini za Kisomali, zilizopakwa samli na chupa ya chai ya maziwa. Baba alikula akiwa amesimama, sikio moja likiwa kwenye injini, huku akimuuliza habari za hesabu na za darasa la sita.

Hapo awali kazi hiyo ilikuwa ya mama, Bishara. Lakini wiki mbili zilizopita mama alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na kwa desturi yao mzazi hatoki nje mpaka siku arobaini zitimie. Kwa hiyo kikapu kikawa cha Sahro, na Sahro akakipenda. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na njia ya mtoni ilimfanya ajione mtu mzima.

Asubuhi ya Jumatatu moja ya mwaka wa 1992, Sahro alikuwa amekwisha kufunga mtandio wake mweupe wa shule mama alipomwita chumbani. Alikuwa ameketi kitandani, mtoto akinyonya, na mkononi ameshika koti la baba. Baba alikuwa amevaa koti jingine na kulisahau hilo nyuma ya mlango. Katika mfuko wa ndani mlikuwa na mfuko mdogo wa nailoni, na ndani yake kipande chake, yaani kitambulisho cha taifa, pamoja na kadi ya rangi ya pinki.

Sahro aliijua kadi hiyo. Miaka mitatu nyuma, wazazi wake walisimama mstarini tangu asubuhi hadi jioni mbele ya meza ya maofisa na wazee. Waliulizwa majina ya babu zao na visima walivyonywesha ngamia. Baba alizaliwa Hadado, upande wa Wajir; mama alizaliwa Garissa hapahapa. Walipoaminiwa kwamba ni Wakenya, wakapewa kadi za pinki. Wakenya wengine hawakuhitaji kadi kama hiyo. Ilitosha kwao kuwa na kipande tu. Msomali alitakiwa kuwa navyo vyote viwili, na kutembea navyo kila aendako.

Siku mbili kabla, majambazi walikuwa wameshambulia lori la mizigo katika barabara ya kwenda Wajir na kumuua askari mmoja. Tangu hapo mjini kulivuma habari ya msako. Vita vilikuwa vinawaka ng'ambo ya mpaka, wakimbizi walikuwa wakiingia kwa maelfu, na askari walimtazama kila mwenye nywele laini na pua ndefu kana kwamba alivuka mpaka jana.

"Mpe baba yako mkononi," mama alimwambia. "Usimpe mtu mwingine, na usisimame njiani."

Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini Sahro aliona vidole vyake vikikunja ule mfuko wa nailoni mara mbili, mara tatu. Baba alikuwa na binamu kule Wajir ambaye miaka minane nyuma alikusanywa uwanjani pamoja na wanaume wengine, na hakurudi. Nyumbani kwao jina lake halikutajwa mbele ya watoto. Hata hivyo watoto walilijua.

Sahro akautia mfuko ndani ya kikapu, chini ya anjera, akaondoka.

Barabara ya mtoni ilikuwa na watu kama kila siku. Makorongo walikuwa juu ya miti yao, mabawa yamekunjwa. Wanawake wa Kikamba walikuwa wakipanda kutoka mashambani na mafungu ya sukuma wiki kichwani. Lakini mbele, pale njia inapogawanyika, Sahro aliona askari watano wamesimama, na watu wengine wamechuchumaa kando, mikono kichwani.

Akapunguza mwendo. Aliona jinsi kazi ile ilivyofanyika. Wale wanawake wa sukuma wiki walipita bila kuulizwa neno. Mwanamume mwenye baiskeli ya makaa alipungiwa mkono apite. Kisha akaja mzee Hared, jirani yao wa Waberi, aliyeuza maji kwa mkokoteni wa punda. Huyo alisimamishwa kabla hajafika.

Askari mmoja mrefu, aliyevaa miwani myeusi, alimtaka kipande na kadi. Mzee akavitoa bila kusita, maana hakuwa na kosa. Yule askari akamrudishia kipande. Kadi akaitazama upande huu na upande ule, akaitia katika mfuko wa shati lake.

"Wewe huna kadi," akasema. "Keti pale na wenzako."

Mzee Hared alidhani hakusikia vizuri. Akaeleza kwa Kiswahili chake kwamba ametoa kadi sasa hivi. Akasukumwa, akaketi. Punda wake akabaki katikati ya barabara na mapipa yake, akingoja mtu wa kumwambia aende wapi.

Sahro akasimama pale alipokuwa. Ikiwa kadi ya mzee imetoweka hivyo mbele ya watu, je, kadi ya baba iliyo mkononi mwa mtoto? Wataitia mfukoni. Au watasema ameiba. Wavulana wa shuleni walisema hata watoto hupelekwa mpakani.

Hatua ishirini nyuma yake palikuwa na kalvati, bomba pana la simiti lililopitisha maji ya mvua chini ya barabara. Wakati huo lilikuwa kavu. Sahro akarudi nyuma polepole, akainama kama anayerekebisha kandambili, akauchomeka ule mfuko ndani ya bomba na kuufunika kwa jiwe. Kisha akanyanyuka na kutembea moja kwa moja hadi kwa askari.

Yule mwenye miwani akauliza kikapuni mna nini. Akafunua anjera kwa ncha ya rungu lake, akazidunga, akamwambia apite. Sahro alipita bila kukimbia. Alikuwa akijiambia kwamba atamwambia baba mahali kadi ilipo, na baba atajua la kufanya.

Lakini alipofika kwenye nyumba ya pampu alikuta lori la polisi limesimama langoni. Ndani yake walikuwamo wanaume kama kumi. Baba alikuwa amesimama kati ya askari wawili, na mbele yake Inspekta mwenye daftari. Uso wa baba ulifunguka alipomwona binti yake.

"Huyu hapa," alimwambia Inspekta. "Nilikwambia, afande, kadi nimeisahau kwenye koti, na mama yake hangekosa kumpa."

Inspekta akamgeukia Sahro. Hakuwa na sauti kali. Alimuuliza kama huyu ni baba yake, naye akaitikia kwa kichwa. Akamuuliza kama mama yake amempa kadi aje nayo.

Sahro alifungua kinywa. Akiwaambia ndiyo, watauliza iko wapi. Akiwaambia ameificha, watauliza kwa nini, maana mtu hafichi kitu cha halali. Watamrudisha hadi kwa yule mwenye miwani, na yeye ataitia kadi mfukoni, au Sahro mwenyewe atapandishwa kwenye lori lile lenye vyuma vya moto. Macho ya askari wote yalikuwa juu yake.

"Hapana," akasema.

Baba alimtazama. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu aliyeitwa kutoka mbali na hana hakika kama ni yeye aliyeitwa. Inspekta akaandika neno katika daftari lake.

"Basi mama yake amesahau," baba akasema. "Tafadhali, twendeni nyumbani, si mbali." Inspekta akajibu kwamba hawana wakati wa kutembelea nyumba za watu, na kwamba kila mtu leo ana kadi nyumbani. Baba akaomba jambo moja tu, aizime injini, kwa sababu ikiachwa peke yake itaungua. Wakamruhusu. Pampu ikanyamaza, na kwa mara ya kwanza Sahro akasikia sauti ya mto.

Lori lilipoondoka, alirudi mbio hadi kwenye kalvati. Wale askari walikuwa wamesogea. Sasa wawili wao walikuwa wameketi juu ya kalvati lenyewe, kwenye kivuli cha mgunga, wakinywa soda. Sahro akasimama mbali, kikapu mkononi. Alingoja waondoke, wasiondoke. Mwishowe akageuka, akaenda shuleni.

Darasani aliketi dawati moja na Kavata, binti wa konstebo mmoja wa polisi aliyeishi katika nyumba za askari. Walikuwa wameketi pamoja tangu darasa la nne. Kavata alimuuliza kwa nini amechelewa, na Sahro akasema tumbo linamuuma. Huo ulikuwa uongo wa pili siku hiyo, na haukuwa mgumu kama ule wa kwanza. Jambo hilo nalo lilimtisha.

Baada ya mapumziko, bomba la maji lililokuwa nje ya darasa lilikohoa mara mbili, likakauka. Watoto wakanung'unika. Sahro akainamia kitabu chake. Yeye peke yake darasani alijua maana yake: baba hajaachiliwa.

Saa sita na nusu jirani waliyemwita Eddo Lul, yaani Shangazi Lul, alisimama kwenye ua wa shule na kumwita. Alikuwa ametumwa na mama. Mama alikuwa amesikia kwamba baba amechukuliwa. Watu walisema wasio na kadi watapandishwa malori saa kumi na kupelekwa Liboi, mpakani, wavushwe. "Lakini mama yako anasema usiogope," Eddo Lul alimwambia. "Maadamu ulimfikishia kadi, watamwachilia. Amenituma nikupe pole, usome vizuri."

Kisha akaenda zake. Sahro alishika seng'enge ya ua kwa mikono miwili. Mama hatoki nje. Mama ametulia nyumbani na mtoto mchanga kwa sababu anaamini kadi iko mkononi mwa baba. Hakuna mtu anayehangaika kumtafutia baba msaada, na saa kumi iko karibu.

"Si tumbo," Kavata alisema nyuma yake. Alikuwa amesikia yote.

Sahro akamwambia kila kitu palepale uani, juu ya kadi, kalvati, na lile neno moja alilolisema mbele ya Inspekta. Baba yake Kavata mwenyewe alikuwa amepangwa siku hiyo kulinda uwanja walikokusanywa waliokamatwa, na alikuwa amewakataza watoto wake kukanyaga huko. "Tumwambie Mwalimu Arbia," akasema hatimaye. "Sisi peke yetu hatuwezi."

Mwalimu Arbia, mwalimu wao wa Kiswahili, aliwasikiliza akiwa amesimama mlangoni mwa ofisi ya walimu. Hakumkemea Sahro. Alitazama saa yake, akaingia kwa mwalimu mkuu kuomba ruhusa, akatoka na mkoba wake. "Twendeni," akasema, "na mimi pia naogopa, kwa hiyo tutembee pamoja."

Walipokaribia kalvati, askari walinyanyuka. Yule mwenye miwani alinyoosha rungu kumzuia mwalimu, akamwambia atoe kipande na kadi. Mwalimu Arbia akampa kipande. Kuhusu kadi, alieleza kwa upole kwamba yeye si Msomali, ni Morma, aliyezaliwa huko chini mtoni, na kwamba Waorma hawakupewa kadi hizo.

"Nyote mnafanana," askari akasema. "Simama hapo. Na wewe mtoto, simama naye."

Rungu likamwelekea Sahro. Kisha yule askari akamtazama Kavata kwa nukta moja tu, akamwambia, "Wewe pita."

Kavata hakuelewa kwanza. Wote watatu walikuwa wamekuja pamoja, wawili wakiwa na sare zilezile za shule. Alimtazama Sahro, akamtazama mwalimu. Mwalimu Arbia akamwonyesha kwa macho aende.

Akaenda. Askari wawili walikuwa wamejikusanya kuupekua mkoba wa mwalimu, wakitoa madaftari ya wanafunzi na kuyatikisa. Wengine walikuwa wakimtazama Sahro. Kavata alifika kwenye kalvati, akapiga magoti, akaingiza mkono ndani ya bomba hadi begani. Hakuna aliyemuuliza anatafuta nini. Alisogeza jiwe, akatoa mfuko wa nailoni, akaushika mbele ya kifua chake bila kuuficha, akavuka hadi upande wa pili na kusimama akingoja. Uso wake ulikuwa umelowa jasho. Alisema baadaye kwamba maisha yake yote alikuwa amepita mbele ya askari, wala hakujua kwamba kupita ni kitu ambacho mtu anaweza kunyimwa.

Mwalimu na Sahro walisimamishwa juani karibu nusu saa. Hatimaye mmoja wa askari alipata kitambulisho cha ualimu kati ya karatasi, akamwambia mwenzake kwa sauti ya chini kwamba huyu ni mfanyakazi wa serikali. Wakarudishiwa vitu vyao, hawakuombwa radhi.

Ilikuwa imekaribia saa tisa walipofika uwanjani. Wanaume kama sitini walikuwa wamechuchumaa kwa mistari katika vumbi, bila kivuli, bila maji. Sahro alitafuta koti la baba, akaliona katika mstari wa tatu. Kichwa chake kilikuwa kimeinama. Nyuma yake alikuwa mzee Hared. Malori mawili yalikuwa yameegeshwa pembeni, milango ya nyuma imefunguliwa.

Baba yake Kavata alikuwa langoni na bunduki. Alipomwona binti yake, alishtuka. Akamuuliza kwa ukali amekuja kufanya nini mahali kama hapa.

"Nimemsindikiza rafiki yangu, baba," Kavata akajibu. "Baba yake yuko ndani. Kadi yake tunayo."

Konstebo alitazama ule mfuko wa nailoni, kisha akamtazama Sahro, ambaye alikuwa amewahi kula muhogo nyumbani kwake. Akafungua lango, akawaongoza hadi kwenye meza ya Inspekta.

Mwalimu Arbia aliweka kipande na kadi juu ya meza, akaeleza ni vya nani. Inspekta akavisoma. Kisha akafungua daftari lake, akarudisha kurasa nyuma, akaweka kidole juu ya mstari mmoja.

"Binti huyu niliongea naye asubuhi," akasema. "Alisema hakupewa kadi yoyote. Sasa saa tisa kadi imepatikana. Mmeinunua wapi?"

Mwalimu alitaka kujibu. Inspekta akanyanyua mkono kumzuia, akasema anamuuliza mtoto.

Sahro aliona dunia nzima imekuwa meza ile na daftari lile. Nyuma yake baba alikuwa amenyanyua kichwa.

"Nilidanganya," akasema. Sauti ilitoka ndogo mno, na Inspekta akamwambia arudie. "Nilidanganya, afande. Mama alinipa kadi. Niliwaona askari njia panda, nikaogopa, nikaificha kwenye kalvati. Uliponiuliza, niliogopa tena, nikasema hapana. Baba hana kosa. Kosa ni langu."

Inspekta alimwambia kwamba kumdanganya polisi ni hatia, na kwamba kwa neno lake moja baba yake alikuwa karibu kuvushwa mpaka. Sahro akasema anajua. Inspekta akaagiza aletewe daftari kubwa lenye namba za kadi, akateremsha kidole ukurasa baada ya ukurasa, mpaka akaifikia namba ya Kerrow wa Hadado. Alifananisha jina, akafananisha picha. Kisha akampigia mluzi askari aliyekuwa kwenye mistari, akamwambia amlete.

Baba alikuja akitembea kwa taabu, maana miguu ilikuwa imekufa ganzi. Alipewa kadi yake na kuambiwa aende. Mwalimu Arbia akamshika Sahro bega waondoke. Wangeweza kuondoka.

Lakini Sahro hakuondoka. Alikuwa amemwona mzee Hared akiwatazama, na midomo ya mzee ilikuwa imepasuka kwa kiu. Hofu iliyomrudia sasa ilikuwa mbaya kuliko ile ya kwanza, kwa sababu mara hii hakuna aliyemuuliza. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua.

"Afande," akasema, "mzee yule ana kadi. Niliiona. Askari wa njia panda mwenye miwani myeusi aliichukua, akaitia mfukoni mwa shati."

Baba alishika mkono wake kwa nguvu. Inspekta aliigonga meza kwa kalamu. Akamwambia Sahro kwamba leo amekwisha kusema uongo mara moja, kwa nini aaminiwe sasa? Sahro akajibu kwamba hana la kumfanya aaminiwe, ila mfuko wa lile shati ungeweza kutazamwa.

Alipoulizwa, mzee Hared alisimama kwa kujikongoja. "Kibande yangu iko hapa," akasema kwa lafudhi yake ya Kisomali. "Kadi amechukua yule askari. Nimesema tangu asubuhi. Nani anasikia?"

Inspekta alimtuma baba yake Kavata. Konstebo aliondoka kwa baiskeli, na robo saa ile ilikuwa ndefu kuliko siku nzima. Aliporudi, alimpigia mkubwa wake saluti na kuweka juu ya meza kadi za pinki. Hazikuwa moja. Zilikuwa tatu.

"Anasema alisahau kuzirudisha," akasema, akitazama mbele.

Wanaume watatu waliitwa majina, wakapewa kadi zao, wakaachiliwa. Haikujulikana yule askari alifanywa nini, kwa sababu hakuna aliyeelezwa. Saa kumi malori yaliondoka na watu ishirini na wawili. Wengine walikuwa wakimbizi kweli, waliokimbia risasi. Wengine walikuwa wa Garissa na Wajir, ambao jamaa zao walitumia wiki nyingi kuwatafutia njia ya kurudi.

Mwalimu Arbia alirudi shuleni. Kerrow na wasichana wawili walitembea kuelekea mjini polepole, kwa ajili ya miguu yake. Walipofika mahali pa kuachana, Kavata alisimama.

"Adeer Kerrow," akasema, akitumia neno alilojifunza kwa Sahro la kumwita mtu mzima kama baba mdogo, "mbona mimi sikuulizwa kitu?"

Kerrow alijibu.

"Kwa sababu walitazama sura, mwanangu. Mtu aliyeua yule askari barabarani ana jina lake na ana kosa lake. Wao hawakumtafuta huyo. Walitafuta pua yake na nywele zake, wakazipata kwangu, na kwa mzee Hared, na hata kwa mwalimu wenu. Sura haiwezi kusema mtu alizaliwa wapi, wala moyoni ana nini. Wewe leo sura yako ilikufungulia njia, nawe ukaitumia njia hiyo kumfungulia mwenzako. Ukiwa mkubwa usisahau ulivyofanya. Mwambie baba yako nimemshukuru."

Kavata aliaga, akaenda kwao. Baba na binti wakaendelea. Sahro alingoja kukaripiwa. Alipoona hakaripiwi, akaomba msamaha yeye mwenyewe, na machozi aliyoyazuia tangu asubuhi yakamtoka.

Baba alichutama mbele yake, ingawa magoti yalimuuma.

"Nisikilize vizuri, nisije nikakutwika mzigo usio wako," akasema. "Uongo wako haukunipandisha kwenye lori. Aliyenipandisha ni yule aliyeona uso wangu akauita kosa. Hilo si lako, na usilibebe. Lakini uongo wako ulimpa kitu cha kuandika katika daftari lake. Mtu anapoonewa, ukweli ndio silaha aliyobaki nayo. Ukiutupa kwa hofu, unamwachia mwonevu watu wako wakiwa mikono mitupu. Kuogopa si aibu, Sahro. Mimi niliogopa leo tangu asubuhi. Uliposema yako mwenyewe pale mezani, ulinitoa mimi. Uliposema ya mzee Hared, hukuwa na faida yoyote, na ulikuwa unaogopa vilevile. Hapo ndipo nilipojua nimelea mtu."

Akamfuta uso kwa ncha ya mtandio wake, akanyanyuka.

"Lipo jambo moja limebaki," akasema. "Mama yako anaamini kwamba ulinipa kadi asubuhi. Mimi sitamwambia; hilo ni lako."

Mlango wa nyumba yao ulikuwa wazi. Mama alikuwa amesimama kizingitini, mtoto begani, mguu mmoja ndani na mmoja nje, akitazama njia. Alipomwona mumewe alishika nguzo ya mlango, akamshukuru Mungu kwa sauti ya chini, kisha akamnyooshea Sahro mkono. Alitaka kumsifu kwa kufikisha kadi.

Sahro aliushika ule mkono. "Hooyo, ngoja kwanza," akamwambia mama yake. "Sikuifikisha." Akaketi chini miguuni pa mama, akaanza kusimulia tangu mwanzo.